Zana kumi na nne kwa siku tatu: mwalimu wa maktaba aanzie wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari ya kata huku Njombe, na huu ni mwaka wa tatu nimekabidhiwa maktaba bila kusomea ukutubi. Tuna vitabu 3,400 hivi, kompyuta moja ya mezani ya msaada, na kishikwambi changu kile cha sensa. Mwezi uliopita nilipelekwa semina ya siku tatu, tukafundishwa zana kumi na nne za mtandaoni. Nimerudi na karatasi ya viungo na kichwa kinaniuma. Wanafunzi wananizidi, mkuu wa shule kila Jumatatu anauliza "maktaba ya kidijitali imefikia wapi?", na muhula uliopita vitabu kama 60 vimeishia mikononi mwa watu nisiowajua. Nina miaka 49. Nianze na ipi?

JIBU: Marahaba, mwalimu, na pole kwa kichwa. Hiyo karatasi ya viungo ikunje, itie kwenye droo, usiiguse mpaka muhula ujao. Zana kumi na nne umenitajia kwa mstari mmoja, vitabu 60 kwa mstari mwingine, na mimi huo wa pili ndio niliourudia kuusoma. Anza na zana itakayokuambia kitabu kiko kwa nani. Nyingine zikae foleni.

Suala la umri liache kabisa. Aliyekuchosha ni yule aliyepanga semina. Wazo la kuwapa wakutubi zana nyingi wazijaribu lina historia nzuri tu. Mwaka 2006, Helene Blowers wa maktaba ya umma ya Charlotte na Mecklenburg, jimbo la North Carolina huko Marekani, aliwaandalia wafanyakazi wenzake mambo 23 ya kujaribu: kuandika blogu, kuweka picha mtandaoni, kufuatilia habari kwa RSS (njia ya kuletewa mapya ya tovuti mbalimbali mahali pamoja), kuhariri wiki (kurasa ambazo wasomaji wenyewe huzihariri) na kadhalika. Aliwapa wiki tisa, kila mtu ajifunze kwa wakati wake hapo hapo kazini, na waliomaliza walizawadiwa kicheza muziki cha MP3. Mpango ule uliigwa na maktaba za nchi nyingi. Waandaaji wenu wameigiza ile orodha ndefu, zile wiki tisa wakazisahau. Zana kumi na nne kwa siku tatu ni kama kumwonyesha mtu sokoni vitambaa kumi na vinne halafu ukamwuliza kwa nini hajashona.

Kabla hatujafungua kompyuta, kuna swali ambalo kila zana utakayokutana nayo lazima ilijibu: siku nikitaka kuondoka, naondokaje na vitu vyangu? Hili nimelilipia ada. Miaka kumi na tano hivi iliyopita nilikusanya viungo zaidi ya mia tatu vya masomo ya sayansi, nikavihifadhi kwenye huduma moja ya bure, nikavipanga kwa somo na kwa kidato. Likizo mbili nzima. Siku moja nafungua nakuta ukurasa unanishukuru kwa kuwa nao miaka yote ile. Barua pepe ya kuaga walikuwa wameituma kwenye anwani ambayo nenosiri lake nilishalisahau zamani. Na hata wakubwa hufunga milango: Google Reader, iliyokuwa ikitegemewa na wakutubi kufuatilia habari, ilizimwa tarehe 1 Julai 2013, na Wikispaces, ambako walimu wengi walikuwa wamejenga kurasa za madarasa yao, ikafuata mwaka 2018. Huduma ya bure ina mwenyewe, na mwenyewe hubadili mawazo.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya kujaribu kitu chochote, kabla hujaingiza hata kitabu kimoja, tafuta kile kitufe cha kupakua data yako. Mara nyingi kitakupa faili la CSV, ambalo ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mikato, na linafunguka karibu kwenye programu yoyote ya majedwali. Zana isiyo na kitufe hicho usiipe orodha ya vitabu vyako, hata ikiwa na rangi nzuri namna gani.

Zana yako ya kwanza nadhani haikuwemo kwenye semina kwa sababu haina mvuto: ni jedwali. Excel kama ipo kwenye hiyo kompyuta. Kama haipo, LibreOffice Calc ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti. Fungua faili moja lenye kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza uite VITABU: namba ya usajili (ile iliyopigwa muhuri nyuma ya jalada), jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka, ISBN (namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu), rafu. Ukurasa wa pili uite AZIMA: tarehe ya kutoka, namba ya usajili ya kitabu, namba ya mwanafunzi, tarehe ya kurudi. Hiyo ya mwisho inabaki tupu mpaka kitabu kirudi. Siku ukitaka kujua kitabu kiko kwa nani, unachuja safu ya kurudi ibaki mistari iliyo tupu tu. Basi. Hilo ndilo jibu la vitabu 60, na halihitaji bando.

Sasa mitego, maana ndiyo inayokatisha watu tamaa siku ya kwanza wakadhani wamekosea wao. Utaandika ISBN ya kitabu kilichochapwa nchini, tarakimu kumi na tatu, ugonge Enter, na Excel itakuonyesha 9.78998E+12. Hujaharibu kitu. Kompyuta imedhani unapiga hesabu, ikafupisha namba kubwa. Kabla ya kuandika, ichague safu nzima ya ISBN na uiambie ni maandishi, siyo namba. Fanya hivyo hivyo kwa namba za rafu, la sivyo 020 ya Dewey (ule mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za masomo) itageuka 20, na simu za wazazi zitapoteza ile sifuri ya mbele.

Tarehe nazo zina ukorofi wake. Kompyuta nyingi za msaada zimekuja zikiwa na mpangilio wa Kimarekani, mwezi mbele siku nyuma. Ukiandika 05/03 ukimaanisha tarehe tano Machi, yenyewe inaelewa tarehe tatu Mei, na haisemi kitu. Ukija kuandika 14/03 ndipo inapokataa kuitambua kuwa ni tarehe, kwa sababu hakuna mwezi wa kumi na nne, na kumbe wewe ulishaingiza wiki mbili za makosa. Andika hivi: 2025-03-14. Mwaka, mwezi, siku. Hapo hakuna kubishana.

Na majina. Nimewahi kukagua orodha ya shule moja nikamkuta mwandishi mmoja ameandikwa Shaaban Robert, Shaban Robert, Sh. Robert, na Robert S. Mtu akitafuta "Shaaban" anapata robo ya vitabu vilivyopo, anaondoka akiamini maktaba haina. Chagua namna moja, jina la ukoo kwanza, yaani "Robert, Shaaban", andika kanuni hiyo kwenye karatasi, ibandike juu ya kioo cha kompyuta. Yeyote atakayekusaidia kuingiza aifuate.

Utaniuliza: vitabu 3,400 nitaviingiza lini? Kwa vitabu 20 kwa siku ni siku 170 za kazi. Utaishia rafu ya pili, mitihani ya kanda itaingia, kazi italala. Usianze na rafu ya kwanza. Anza na mlango. Kitabu kinapokuja mezani kuazimwa ndipo unakiingiza, dakika mbili, halafu kinatoka. Hakijaazimwa, hakijaingizwa. Mwisho wa muhula utakuwa na mia tano au mia saba, lakini ndivyo vinavyosomwa. Na vile ambavyo mwaka mzima havijafika mezani vitakuwa vimejieleza vyenyewe. Wengi wetu tuna rafu nzima ya vitabu vya msaada vinavyofundisha jinsi ya kutumia kompyuta ambazo hazitengenezwi tena, na tunavipangusa vumbi kila Ijumaa.

Kuhusu namba ya mwanafunzi badala ya jina: kuna sababu. Najua shule zinazopiga picha orodha ya wasiorudisha vitabu, majina matatu matatu na kidato, na kuirusha kwenye gurupu la WhatsApp la wazazi. Usifanye hivyo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata ingekuwa haipo, mtoto aliyeitwa mwizi wa vitabu mbele ya wazazi mia mbili harudi maktaba. Tuma ujumbe kwa mzazi wake mmoja, kwa staha, "kitabu fulani kilitarajiwa tarehe fulani".

Hayo yakiwa yamekuwa mazoea, muhula wa pili ongeza zana moja. Ningekuwa wewe ningechagua Kiwix. Sidhani kama walikutajia, maana semina nyingi huchukulia kwamba intaneti ipo na haikatiki. Kiwix ni programu ya bure, ilianza mwaka 2007, na kazi yake ni kukuwezesha kusoma Wikipedia nzima bila mtandao. Unapakua faili moja mahali penye mtandao mzuri, unalibeba kwa flashi au kadi ya kumbukumbu, unalifungua shuleni. Wikipedia ya Kiingereza pamoja na picha zake ni takriban gigabaiti 100, hiyo iache. Ya Kiswahili ni ndogo mno ukilinganisha. Na kuna ya tatu ambayo kwa shule zetu naiona lulu: Wikipedia ya Kiingereza rahisi, iliyoandikwa kwa sentensi fupi na msamiati mdogo. Mtoto wa kidato cha kwanza aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili, leo anaambiwa "photosynthesis" kwa Kiingereza; mpe ukurasa huo rahisi na ule wa Kiswahili kuhusu usanisinuru, aviweke sambamba. Wewe ni mwalimu wa lugha, hili huhitaji kufundishwa na mimi.

Kishikwambi chako nacho kina kazi hapa. Programu ya Kiwix ya Android ina sehemu ya kugawa vitabu: kishikwambi kinakuwa kama rauta ndogo, wanafunzi au walimu walio karibu wanajiunga kwa Wi-Fi, wanafungua anwani inayoonyeshwa kwenye kioo, wanasoma. Hakuna bando linaloliwa. Jaribu kwanza nyumbani na simu ya mwanao kabla hujaitisha hadhira, maana mara ya kwanza lazima kuna kitu kitakataa.

Ukishaona ladha ya kusoma nje ya mtandao, ujue kuna ndugu yake anaitwa Kolibri, wa masomo yenye video na mazoezi, anayeweza kukaa kwenye hiyo kompyuta ya mezani. Lakini huyo ni wa mwakani.

Wanafunzi watakuomba vitabu vya kiada na mitihani iliyopita, siyo Wikipedia. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vyake vya kiada, na Baraza la Mitihani huweka mitihani kwenye tovuti yake. Chukua huko kwa wenyewe. Usikubali ile biashara ya kupiga picha kitabu kizima cha mchapishaji ukurasa kwa ukurasa na kukigawa kama PDF. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iko hai, na mwandishi wa kitabu kile huenda ni mwalimu mwenzio. Ukitaka vitu unavyoruhusiwa kunakili, kuchapa na hata kubadilisha, tafuta vyenye leseni huria. African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi fupi kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na tovuti yake inaruhusu mtu kutafsiri au kutunga yake. Ni hadithi za watoto wadogo, ndiyo. Hebu wape kidato cha pili hadithi moja ya Kiswahili waiweke katika Kibena kwa msaada wa bibi zao, uone kama watasema ni ya watoto.

Sasa hilo la "maktaba ya kidijitali". Ukiuliza kwenye mikutano utaambiwa Koha. Ni mfumo mzuri wa kuendesha maktaba, wa bure, uliozaliwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000 katika maktaba za Horowhenua. Jina lenyewe ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Lakini ng'ombe wa zawadi naye hula majani: unahitaji seva (kompyuta inayowaka muda wote kuhudumia nyingine), na mtu wa kuifufua ikizima saa nne asubuhi foleni ikiwa mlangoni. Kama shuleni au halmashauri hakuna mtu huyo, Koha itakuwa kaburi la kazi yako. Subiri. Jedwali lako likiwa safi, siku mtu huyo akipatikana, ataigeuza CSV yako kuwa MARC, muundo wa kumbukumbu za vitabu ambao Koha huupokea, vitabu vyote vihamie, na wewe hurudii kuandika hata kimoja. Wanaofika Koha bila jedwali safi huhamisha uchafu wao nao.

Wengine watakushauri LibraryThing au Open Library, ambako unaandika ISBN na taarifa za kitabu zinajijaza. Kwa vitabu vya London zinajijaza kweli. Vya kwetu mara nyingi hutoka kapa. Utavitambua kwa tarakimu zinazofuata 978: 9976 na 9987 ni Tanzania, 9966 ni Kenya, vile vya kabla ya 2007 vina tarakimu kumi tu na huanza na hizo moja kwa moja. Vikikosekana, viandike kwa mkono. Open Library inaruhusu mtu yeyote kuongeza kitabu, kwa hiyo mkikosa riwaya iliyo mkononi mwako, iingize wewe. Mwenzako wa Kigoma ataikuta.

Kuhusu wanafunzi kukuzidi, nina shaka. Wanakuzidi vidole. Mwambie yule anayejitapa akutafutie kwenye simu ni nani aliyeandika ukurasa alioufungua na ameuandika lini, uone atakavyobabaika. Mchukue mmoja kama huyo na mwingine mwenye mwandiko mzuri, wape jina la klabu ya maktaba, wakusaidie kuingiza vitabu saa ya michezo. Wewe kanuni, wao kasi.

Na watakujia na akili mnemba, kama hawajaja. Mtoto atasimama mezani na jina la kitabu na la mwandishi, utafute rafu zote usikione, ujisikie vibaya. Huenda kitabu chenyewe hakipo duniani. Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times lilichapa orodha ya vitabu 15 vya kusoma majira ya joto. Kumi kati yake havikuwahi kuandikwa, ingawa vilibandikwa majina ya waandishi wa kweli. Mwandaaji alikuwa ametumia akili mnemba bila kuhakiki. Kwa hiyo muulize mtoto: umekipata wapi? Akisema "nimeuliza programu", kitafuteni pamoja kwenye Open Library na kwenye orodha ya mchapishaji. Mkikosa pote, usijilaumu na usimcheke. Hiyo ni dakika kumi ya somo la ukutubi ambalo hakuna semina ingekupa.

Mkuu wa shule Jumatatu ijayo mwambie unampa jibu mwisho wa mwezi. Siku hiyo mpelekee karatasi moja iliyochapwa kutoka ukurasa wa AZIMA: vitabu vingapi vimetoka, kidato gani kinasoma zaidi, kitabu gani kimeazimwa mara nyingi kuliko nakala zilizopo. Hiyo ya mwisho ndiyo itakayokupatia hela ya kununua vingine. Wakuu wa shule niliowafahamu hawasomi maelezo ya mifumo, ila jedwali lenye jumla chini husoma mpaka mwisho.

Jambo la mwisho ni daftari lako la azima. Usilitupe. Muhula mzima andika kote kuwili, kwenye daftari na kwenye jedwali, hata kama wale vijana wawili watanung'unika. Kila Ijumaa nakili faili kwenye flashi, na flashi iende nyumbani nawe, isilale kwenye droo ya meza hiyo hiyo ya kompyuta. Umeme ukikatika katikati ya foleni, endelea na daftari, ukirudi, jaza. Zikipita wiki nne mfululizo bila daftari na jedwali kupishana, niandikie, ndipo tuitoe ile karatasi kwenye droo.